Mgeni Aliyenipokea Mkoba

Nilikuwa nimechoka hata kabla mgeni hajaja. Shule ya binti yangu hapa Toronto ilikuwa na mpango wa kubadilishana wanafunzi na shule moja ya Tanga: wa kule waje kwetu wiki mbili, kisha wa kwetu waende kule likizo kubwa ikifika. Niliposikia Tanga sikuuliza la pili. Mama yangu anaishi huko peke yake, na mara ya mwisho kuniona, binti yangu alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Kila mwaka nasema mwakani, na mwakani ikifika inanikuta palepale. Basi nikasema, kama mimi sipati nafasi, walau mtoto aende akamwamkie bibi yake.

Shida ni kwamba mtoto mwenyewe hakutaka. "Simjui mtu kule, Mama," aliniambia kwa Kiingereza, macho kwenye simu. Binti yangu Kiswahili anakisikia chote, ila kukijibu ni mpaka apende, na hapendi mara nyingi. Nilimwandikisha hivyohivyo. Nilitegemea akishakaa na msichana wa rika lake kutoka huko, moyo utalainika.

Mgeni akaja, mwembamba, mtandio kichwani na koti la kuazima lililomvaa yeye badala ya yeye kulivaa. Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba yao ya kutunzwa: nawaogesha, nawalisha, nawageuza kitandani. Nikirudi mtaani kwetu Flemingdon Park jioni, miguu si yangu. Jioni moja lifti ilikuwa imeharibika tena, na mimi nina mkoba wa kazi na mifuko ya vyakula, napanda ngazi huku nikiilaani nyumba na mwenye nyumba. Kufika juu, nakuta mlango wazi na mgeni amesimama. Alikuwa amenisikia nikikohoa kwenye ngazi.

"Shikamoo mama. Pole na kazi," akasema, na kabla sijaitikia, mkoba ulikuwa mkononi mwake, na mifuko pia.

Jamani. Nilisimama pale mlangoni mikono mitupu, nikataka kulia. Kwa miaka yote niliyokaa mji huu hakuna aliyewahi kunipokea kitu, hata nilikuwa nimesahau kwamba mtu akirudi nyumbani hupokelewa.

Ikawa hivyo kila jioni. Nami badala ya kufurahi kimyakimya, nikafungua mdomo. Tukikaa mezani ni kumsifu mgeni tu: tazama mwenzako, tazama adabu, mtoto aliyelelewa anajulikana. Mgeni anainamia sahani yake. Mwishowe binti yangu akasukuma kiti nyuma, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko nilichowahi kumsikia nacho, "Basi yeye ndiye awe mjukuu wa Bibi. Si anakaa hukohuko? Mimi siendi."

Akaingia chumbani. Sikumfuata. Kugombana nako kunataka nguvu, na zangu nilikuwa nimeziacha kazini.

Jumamosi tulikuwa sote watatu sebuleni, tunakunja nguo nilizozitoa kwenye mashine za kule chini. Binti yangu alikuwa na visikilizi masikioni, kanuna bado. Ili kimya kisituue, nikamwambia mgeni, "Mama yako ana bahati. Anapokelewa kila siku."

Aliendelea kukunja. "Mama hayupo, mama. Yuko Muscat, anafanya kazi za ndani. Aliondoka niko darasa la pili." Akacheka kidogo, kicheko cha kuona haya. "Mimi nikitoka shule nafungua mlango mwenyewe. Hapa nikisikia mtu anapanda ngazi, najiambia, ngoja na mimi nimpokee mama, nione inakuwaje."

Nikaona binti yangu ametoa kisikilizi kimoja. Hakumtazama mgeni wala mimi. Alikuwa anaitazama soksi aliyoishika.

"Na Bibi?" akauliza. "Bibi akitoka sokoni, nani anampokea?"

Anayepaswa kumpokea ni mimi, na mimi niko hapa Toronto, kesho alfajiri naenda kumwogesha mama wa mtu mwingine. Iliniuma, siwezi kusema haikuniuma.

"Hakuna," nikamwambia. "Anabeba mwenyewe."

Alitafuta soksi ya pili kwenye lile rundo mpaka akaipata, akazikunja pamoja.

"Okay," akasema. "Nitaenda. Lakini nikimwona nimwambie nini?"

"Mwambie shikamoo. Kisha chukua kikapu. Atakukatalia, atasema acha tu, chepesi hiki. Bibi yako ndivyo alivyo. Usimsikilize," nikasema. "Mnyang'anye."