Ojuok inanawiri, mwarobaini mahututi: kilichotokea bomani kwetu

Wakuu, hamjambo popote mlipo. Humu nimesoma nyuzi nyingi za watu wenye bustani nzuri. Yetu haikuwa nzuri, lakini haya niliyaona kwa macho yangu.

Ni miaka ya tisini mwanzoni. Nilikuwa nafanya kazi Kisumu mjini, weekend naenda nyumbani kwa mama, karibu na Kombewa.

Marehemu baba alituachia miarobaini mitatu kando ya nyumba. Miwili ilishakauka. Wa tatu ulipoanza kupukutisha majani, mama aliniambia huo ukienda, hatabaki na kitu chochote kilichopandwa kwa mkono wa mumewe.

Nikaahidi kuuponya. Nina degree. Ni ya historia, lakini mama hakuuliza.

Kilichoniudhi ni vichaka. Uzio wa ojuok, ule mmea wenye utomvu unaochoma macho, ulinawiri bila kuangaliwa na mtu. Lantana nayo ilichanua kama inalipwa mshahara. Nikaamua ndivyo vinavyonyonya maji ya mti. Nikafyeka lantana yote, nikaleta samadi, nikapiga dawa ya mchwa.

Mti ukazidi kukonda.

Siku moja nikauzunguka, upande usioonekana kutoka nyumbani. Haukuwa na ganda. Ulikuwa umechunwa kutoka gotini hadi begani.

Mama hakushangaa. Alisema jirani akishikwa na homa huja, huomba, hubandua kidogo akachemshe. Wanachuna kwa nyuma kwa heshima, wasiharibu sura ya boma.

"Lakini mama, si ulitaka mti uishi?"

"Nataka, nyathina. Sasa mtu amekuja na mtoto anatetemeka, nimwambie nini? Hata babako angempa."

Nikachomeka fimbo za ojuok kuuzingira mti. Zikashika haraka, kama kawaida yao. Safari iliyofuata nikakuta zimekatwa mlango katikati, nadhifu kabisa. Mama alisema wagonjwa walikuwa wanaingiwa na utomvu machoni.

Mti ukakauka. Jioni moja nikachukua shoka, mama akanizuia.

"Uache. Mizizi bado ni dawa."

Nilichojifunza, wakuu: mti wako ukiugua, kabla ya kulaumu udongo, uliza ni nani amepona.

Na nyinyi, kuna aliyewahi kumnyima jirani ganda la mwarobaini na bado akasalimiwa sokoni? Aniambie alifanyaje.