Kadi ya Kumpumzisha Mkubwa

Juzi nilikuwa kwenye dirisha la vibali vya mifugo hapa Garsen, nyuma ya mfanyabiashara Msomali. Lori lake la mbuzi lilisimama juani, likingoja kibali liende Malindi kabla soko halijafungwa. Fundi alikuwa ndiyo kwanza amefunga kadi mpya kwenye mashine inayohifadhi faili za kompyuta zote za ofisi.

"Zamani prosesa, ubongo wa mashine, ilipokea faili, ikazibana, ikazifunga zisisomwe na wezi, yote peke yake," fundi akatueleza, akijipangusa vumbi. "Sasa kubana na kufunga ni kazi ya kadi. Prosesa inapumua."

Kweli, kibali kilitoka karani hajamaliza kupiga mwayo. Ukabaki muhuri. Muhuri hukaa mfukoni mwa mkubwa wa ofisi, na mkubwa alikuwa nje, simu sikioni, akielekeza gari lirudi nyuma huku akimtafutia mgeni kiti.

Mbuzi wakalia. Mfanyabiashara akamgeukia fundi, akamwita kwa Kisomali. "Warya, kadi ingine iko? Wekea huyu mzee."

Hasira zangu haziko mbali. Nikapaza sauti: "Na uanzie mfukoni!"

Mkubwa akaingia, macho yamemtoka. "Nani amesema nimelemewa?" Akamtupia karani muhuri. "Piga wewe, mimi nishughulike na hawa!"

Karani akapiga. Lori likaondoka, mkubwa bado anatugombeza. Wasomaji, kabla ya siku hiyo sikuwahi kumwona mtu huyu akifanya kazi moja tu kwa wakati mmoja. Aliifanya vizuri sana.