Siku Tisa za Namba Moja

Wiki iliyopita mwenzangu wa ofisini alinigeuzia kompyuta. Tunapanga vipimo vya zamani vya mito ya huku Ngara, tuone maji yamepungua kiasi gani tangu mvua zianze kubadilika.

"Dada, hebu ona hapa. Mto umesimama kwenye namba moja siku tisa, tena katikati ya masika?"

Nilijua ni mto gani kabla hata sijasoma jina. Vipimo vile niliviandika mimi, ndugu yangu, nikiwa darasa la tano.

Msoma kipimo cha mto kule kijijini kwetu Murusagamba alikuwa bibi yangu. Namba hakuzijua, kwa hiyo macho yake yalikuwa mimi. Kila asubuhi tulishuka mtoni, yeye na kikapu cha muhogo wa kuloweka, mimi na daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Nilisoma ubao wa namba uliosimikwa majini, naye alitazama jiwe lake la kulowekea. Siku nikiona uvivu nikamtajia namba ya jana, alicheka. "Mwana wanje, mwanangu, jiwe langu leo limezama. Ubao wako umelala?" Nilirudi majini kwa aibu. Nyumbani tulikula ndizi na maharage ya jana, moshi wa kuni ukituwasha macho.

Masika yale aliugua. Wazazi walikuwa Biharamulo kutafuta shamba, tukabaki wawili. Niliogopa kumwacha hata kwa muda ule wa kushuka mtoni, nisije nikarudi nikakuta ameondoka. Nilikaa kitandani kwake, nikasikia mto ukinguruma bondeni, nikaandika namba ya jana. Kila asubuhi aliniuliza kama jiwe limezama. Nilimwambia limezama. Siku ya kumi hakuuliza. Majirani walipomaliza kumzika nilishuka peke yangu, nikasoma namba ya kweli.

Mwezi uliopita nilipita pale. Ubao umesimama kwenye nyasi kavu, na juu ya jiwe la Bibi wamelala mbuzi. Siku hizi kuna chombo kinachotuma vipimo chenyewe. Nilitamani walau mtu wa kumwamkia shikamoo, sikumwona.

Mwenzangu alikuwa bado ananisubiri. Namba za uongo zingeharibu habari za mto ule, na hilo Bibi asingelikubali. Lakini siku zake za mwisho hazikuandikwa mahali pengine popote.

"Futa," nilimwambia. "Hakuna aliyeshuka mtoni."

Akafuta, kisha akauliza kama ajaze pengo kwa kukadiria. Nilimwomba aliache wazi.