Ukurasa wa Wathome

Triza Andati alikuwa amechapisha vijitabu vya ratiba za mazishi mtaani Mbotela kwa miaka kumi na miwili kabla hajafungua tovuti. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele katika nyumba za zamani za kanjo, yaani baraza la jiji, hatua chache kutoka Jogoo Road: printa mbili, mashine ya kukata karatasi, na benchi ambalo waliofiwa walilikalia wakisubiri. Alijua kuuliza yale maswali magumu kwa upole. Marehemu alizaliwa mwaka gani? Watoto wangapi walio hai? Na huyu mama wa pili, aandikwe au asiandikwe?

Tovuti aliianza wakati wa korona, watu walipokatazwa kukusanyika. Kila marehemu alipata ukurasa wake, na jamaa walioko mbali wakasoma tanzia, wakaandika pole, wakaweka picha na sauti walizokuwa nazo. Hiyo sehemu ya kuweka picha hakuitengeneza yeye. Aliipata bure mtandaoni. Wenyewe huiita plagini, kipande cha programu ambacho ukikiongeza kwenye tovuti, tovuti inapata kazi mpya. Alibonyeza mara tatu, ikaanza kazi, na kwa miaka minne haikumsumbua.

Alhamisi moja ya mwezi wa Machi aliingia Ndeti, mjane wa Wathome aliyekuwa dereva wa lori. Jumamosi ile wangeadhimisha mwaka mmoja tangu Wathome azikwe. Ndeti hakukaa. Alimnyooshea simu.

"Kuna kitu kimeingia kwa ukurasa wa Baba Kathini," alisema.

Pale palipokuwa na picha ya Wathome palikuwa na matangazo ya kamari, na chini yake wanawake wasio na nguo. Jina la marehemu lilikuwa bado juu yao, pamoja na msalaba.

"Kathini ndiye ameona kwanza, huko Saudia. Amenipigia akilia. Ananiuliza ni nani amemfanyia babake hivi."

Triza alimrudishia simu. "Ni mtandao tu, Mama Kathini. Huwa inafanya hivyo siku zingine. Kesho itakuwa sawa."

"Sawa, mama. Kama wewe umesema."

Ndeti alimwamini akaenda zake, na hilo ndilo lililomkaa Triza rohoni. Alifungua ukurasa mwingine, na mwingine. Wote walikuwa vile vile. Saa nane mchana simu zilikuwa zimeanza kulia, na aliyejaribu kufungua tovuti alikutana na onyo jekundu kwamba hapo ni mahali pa hatari.

Akili yake ilikimbilia kwa Kweyu. Huyu alikuwa amefungua duka la uchapishaji ng'ambo ya barabara mwaka uliopita na kumchukulia wateja kadhaa. Triza alivuka akasimama mlangoni kwake.

"Kweyu, kama una neno na mimi, niambie mimi. Wafu usiwaguse."

Kweyu aliinua macho, vidole vimejaa gundi. Alimsikiliza hadi mwisho. "Dada," akasema, "mimi hata barua pepe nafunguliwa na mke wangu. Hiyo kazi ningeijulia wapi?"

Triza alirudi dukani bila kumuomba msamaha.

Ijumaa asubuhi alikwenda Eastleigh kwa Mbithi, fundi wa kompyuta aliyekuwa na kibanda orofa ya tatu ya jengo moja la maduka. Kufikia hapo, kampuni iliyomkodisha nafasi ya tovuti ilikuwa imeifunga na kufuta faili zote zilizowekwa na watu, isije ikaambukiza tovuti za wateja wengine. Ilimtumia orodha ya zilizofutwa. Mbithi aliipitia taratibu, mstari kwa mstari, kisha akaweka kidole.

"Hii hapa. Zingine zote ni picha na sauti. Hii si picha, ni maagizo. Plagini yako haikuwa inaangalia. Mtu akisema ameleta picha, inapokea tu. Huyu ameleta programu, na ikishaingia ndani anaiamrisha kutoka huko aliko. Tovuti inamtii kama vile ni wewe."

"Ni nani?"

"Si mtu anayekujua, Triza. Wana mashine zinazozunguka mtandaoni zikijaribu kila tovuti yenye plagini hii. Yako ilifikiwa, basi."

Triza aliivuta orodha akautazama ule mstari. Angekuwa Kweyu ingekuwa nafuu. Angekuwa na mtu wa kumkasirikia.

"Hukutumiwa onyo?" Mbithi aliuliza.

Walitafuta kwenye barua pepe zake wakalipata. Lilikuwa na majuma saba. Waliotengeneza plagini walisema wamegundua tundu na wameliziba, na kila mtu aisasishe kwa kuweka toleo jipya siku hiyo hiyo. Triza alikuwa amelifungua. Aliikumbuka hata siku yenyewe: kulikuwa na mazishi matatu, na printa moja ilikuwa imekwama. Alisema atalisoma jioni.

"Na nakala za akiba?"

"Zilikuwa humo humo kwenye tovuti, zimefutwa pamoja."

Mbithi alifunga kompyuta. Tanzia zingepatikana, alisema, na picha zilizochapishwa dukani zilikuwa kwenye mashine ya Triza. Lakini vile vilivyotumwa na watu moja kwa moja kwenye kurasa havikuwepo popote tena. "Waambie seva iliharibika," akaongeza. "Nani atakuuliza zaidi?"

Triza alilifikiria jambo hilo alipokuwa akishuka ngazi, akalifikiria tena akivuka First Avenue. Lilikuwa rahisi mno. Na alikuwa tayari amemdanganya Ndeti mara moja.

Jumamosi, nyumbani kwa Ndeti, alisubiri maombi ya kumbukumbu yaishe. Wanawake walikuwa wakigawa chai alipomwita Ndeti pembeni, karibu na kamba ya nguo.

"Mama Kathini, juzi nilikwambia ni mtandao. Sikuwa najua, nilisema tu. Wezi waliingilia mahali nilipopaswa kupafunga. Nilionywa, sikufanya kitu. Na vitu vyenu vimefutwa."

"Na ile sauti?"

Hiyo ndiyo aliyokuwa akiiogopa. Wathome alikuwa amemtumia Kathini sauti siku yake ya kuzaliwa, akimwimbia kwa Kikamba, akisahau maneno na kucheka katikati. Kathini aliiweka kwenye ukurasa wa babake, na baadaye simu yake ikaharibika.

"Imeenda," Triza alisema.

Ndeti alitoa simu yake. Akampigia Kathini, akamkabidhi Triza. "Mwambie mwenyewe. Mimi sitaweza."

Triza alimwambia. Upande wa pili maji yalisikika yakimwagika mahali fulani, kisha mtu akayafunga.

"Auntie, nilikuwa nasikiliza kila Ijumaa nikipumzika," Kathini alisema. "Sikuiweka kwingine kwa sababu nilijua iko kwako."

Hakumtukana. Aliomba aongee na mamake.

Familia zilizokuwa na kurasa zilikuwa arobaini na moja. Triza alizifikia zote, nyingine kwa simu, nyingine kwa miguu, hadi Mukuru kwa Njenga, ambako mzee mmoja alimpa picha zake upya na kumwambia asijiue kwa mawazo. Wengine hawakumkaribisha ndani. Alimuomba Kweyu msamaha mbele ya mkewe. Tovuti ilirudi bila ile plagini. Siku hizi anayetaka kuweka picha humletea dukani, naye huihifadhi mahali pawili, pamoja na kwa dadake anayeishi Kayole.

Kaka yake Ndeti alipofariki mwezi wa Juni, ratiba ilichapishwa kwa Kweyu. Triza alikwenda kwenye ibada hata hivyo. Alipokea nakala yake mlangoni, akakaa benchi la nyuma kati ya wanawake asiowajua, akaisoma ukurasa kwa ukurasa. Ilikuwa imechapishwa vizuri.