Mume Wangu Alikuwa Anamwadhinia Mjukuu, Wakampokonya

"Mungu hamfungi mtu mdomo bure. Kaka kuna alichokifanya."

Maneno hayo kayasema wifi yangu, dada wa damu wa mume wangu, kwenye sebule iliyojaa watu, na watu wakaitikia kwa vichwa. Naanza na hapo kwa sababu ni uongo, tena uongo unaoua. Yule nabii aliyeomba mtoto mpaka akazeeka, siku alipobashiriwa alipewa ishara gani? Asiweze kusema na watu. Alikuwa amefanya dhambi gani? Wifi anaijua habari hiyo tangu chuo cha Kurani. Kaisahau siku alipotaka mtu wa kumhukumu.

Admin, nifichie jina. Nina miaka hamsini na mbili, tunaishi Gwata, Kibaha vijijini, na nina cherehani yangu Maili Moja ambayo mwaka huu imefunikwa zaidi kuliko ilivyoshona. Mume wangu ni mzaliwa wa Kisarawe. Ujanani alifundisha madrasa huko, kisha tukahamia huku akawa mwadhini wa msikiti wetu. Majirani zetu wa Magindu walikuwa wakinitania kwamba nao wanafuturu kwa sauti yake.

Ramadhani ya mwaka jana sauti ikaanza kukwaruza. Tukasema ni vumbi. Tukampa asali, tukampa tangawizi. Baada ya Idi akawa hawezi kuimaliza adhana. Hospitalini Dar wakakuta uvimbe mbaya kwenye koo. Daktari akasema wakiondoa sehemu inayotoa sauti ataishi, ila hatasema tena. Mume wangu akaniangalia, akacheka, akasema kwa mkwaruzo ule ule, "Ondoeni, daktari. Nimeita watu vya kutosha. Sasa zamu yangu kuitika."

Tangu hapo anapumua kwa tundu shingoni. Sitawadanganya, aliyekata tamaa nyumbani nilikuwa mimi, si yeye. Kila alfajiri aligonga ubao wa kitanda kwa vidole mpaka niamke nikatawadhe. Alisali midomo ikicheza, nami nyuma yake nasikia pumzi tu ikipita tunduni. Pumzi hiyo ndiyo iliyonishikilia. Alipoanza kupigwa mionzi, shingo ikawa inaungua, lakini hakukosa kwenda hata mara moja. Daktari alimsisitiza asije akakatiza katikati.

Kisha Mungu akatufuta machozi. Binti yetu aliyeolewa Kisarawe, aliyehangaika miaka mingi bila mtoto, akajifungua wa kiume. Katika ukoo wa mume wangu, yeye ndiye humwadhinia kila mtoto, sikio la kulia, mara tu anapotoka hospitali. Basi tukaenda. Alivaa kanzu ambayo hakuigusa tangu augue. Tukakutana nyumbani kwa wifi. Binti akamkabidhi mtoto, "Baba, tumekusubiri wewe." Akamwinamia. Midomo ikaanza. Mtoto akafumbua macho.

Hakufika nusu.

"Hebu lete mtoto," wifi akasema. "Hapo unatoka upepo tu. Adhana iko wapi?"

"Wifi, muache amalize."

"Wewe na ubishi wako! Mtoto anatakiwa asikie, siyo apulizwe kama uji."

"Upepo huo ndio uliowaadhinia wanao wote."

"Wakati huo alikuwa na sauti!"

Ndipo akayasema yale ya Mungu kumfunga mtu mdomo. Akamtoa mtoto mikononi mwa kaka yake, akampa mwanamume mmoja aliyesomeshwa na mume wangu. Yule bwana akainamisha macho. "Samahani, Maalim," akasema, halafu akaadhini. Aliadhini vizuri sana, hakukosea herufi. Aliyemfundisha alikuwa amesimama pale, mikono mitupu.

Najua wajuzi wa komenti mnanoa vidole mnieleze kuwa adhana ni sauti. Sawa. Wangemwacha amalize ya kwake, kisha mwingine aitie sauti. Nani angepungukiwa nini?

Tangu tumerudi, mume wangu amegoma mionzi. Nikimtolea nguo za hospitali, anazikunja anazirudisha. Anajigusa koo, anapunga mkono, basi. Msikitini haendi. Chakula anakionja kwa kunihurumia. Alfajiri kitanda hakigongwi tena. Naamka mwenyewe, namkuta macho wazi, ameugeukia ukuta. Daktari kaniambia kwenye simu kwamba tukiendelea hivi ugonjwa utarudi. Binti analia, "Mama, baba kanikasirikia?" Nimefunga, nimeomba, nimempigia magoti. Mimi ninayebishana na yeyote chini ya jua nimeshindwa na mtu asiyesema.

Wengine mnishauri mnavyojua, nitasoma yote. Lakini ninyi mliosomeshwa naye Kisarawe, mnajijua, na ukurasa huu mnausoma. Sitaki pole zenu wala inshallah zenu. Njooni Gwata Jumamosi hii, mje na binti yangu na mtoto. Na wewe uliyeadhini, mweke mtoto mikononi mwa Maalim wako kwa mikono yako mwenyewe, mkae kimya mpaka amalize adhana na dua yake, midomo isimame. Kisha mwitikieni Amina, kwa sauti, asikie. Jumatatu mmoja wenu aende naye hospitali, kwa sababu mimi hanisikilizi tena.

Wifi, nawe njoo. Mlango nitakufungulia mimi. Mdomo utaufunga mwenyewe.