Ukurasa wa Nne wa Amri

Doña Eduviges Treviño alianza kutafsiri kwenye meza ya kukunja, mlangoni pa duka la matairi huko McAllen, Texas. Leo ana ofisi, kiyoyozi na mhuri wake. Kanuni zake mbili hazijabadilika: hatoi ushauri wa sheria, na hagongi mhuri kwenye tafsiri ya nusu ya hati.

Heriberto, fundi wa mapaa, alileta amri ya mahakama, kurasa nne za Kiingereza, akataka wa kwanza tu utafsiriwe kwa Kihispania. Jumamosi binti yake Nayeli anatimiza miaka kumi na tano, na mama yake, aliyeiomba amri hiyo, kampigia Heriberto simu mwenyewe kumwalika kwenye sherehe. Heriberto alitaka uhakika kwamba anaruhusiwa kwenda. Kwapani alibana boksi la viatu vyeupe vya visigino: kwenye sherehe hiyo baba ndiye humvua binti viatu bapa, akamvisha vya kikubwa.

"Doña, nikatie kipande changu niende zangu."

"Hapa si buchani. Kaa."

Alitafsiri ukurasa wa kwanza, akamsomea: asikaribie nyumba yao wala shughuli zao; na hakuna mtu, hata anayelindwa na amri hii, awezaye kumruhusu yeyote kuivunja.

"Lakini kaniita mwenyewe."

Eduviges akasoma mstari uleule, polepole. Aliporudia mara ya tatu, Heriberto aliliweka boksi sakafuni, akajifuta macho kwa kofia. Kosa lake la mwaka jana alilijua, hakulitetea. Akainuka kuondoka.

"Sijamaliza," alisema Eduviges, akaendelea kuandika mpaka ukurasa wa nne. "Baba ataonana na binti kila Jumamosi, saa nne hadi saa sita mchana, kwenye kituo cha kukutanisha wazazi na watoto, mbele ya msimamizi."

Miezi minane, hakuna aliyewahi kumsomea hapo.

"Kwa hiyo naweza kumpelekea…"

"Mimi natafsiri tu."

Akausoma tena, kidole kikiwa kimetulia kwenye neno Jumamosi. Kisha akagonga mhuri.

Jumatatu Heriberto alirudi na picha aliyopigwa na msimamizi: Nayeli kwenye kiti cha plastiki, mguu wake mmoja, wenye kiatu cheupe, mikononi mwa baba aliyepiga goti.

Eduviges aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia.

"Vinambana kidole gumba," alisema, akamrudishia.