Siku Niliyowanawisha Wakwe kwa Mvinyo

Jamani, hili nalisimulia nikiwa nimekaa kabisa, maana nikisimama nguvu zinaniishia kwa aibu, na wala sitegemei huruma ya mtu.

Siku hiyo mwanangu Fadhili, anayefanya kazi Newala, aliniita nikaonane na wazazi wa mchumba wake, Irene. Ni watu wa Bukoba, baba mtu ni mtumishi wa serikali kahamishiwa huku kwetu kusini. Nilitoka Lulindi kwa bodaboda baada ya vipindi vya asubuhi (mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, darasa la kwanza, kwa hiyo uchovu ninao hata kabla ya safari), tukaipanda ile milima, nikafika Newala vumbi hadi kwenye kope. Nikapitia kwa mdogo wangu ninawe, nikakuta maji yaliyobaki ni nusu ndoo na watoto hawajaoga. Nikaona haya. Nikamwambia, “Acha, nitanawa huko huko.”

Huko huko kwenyewe ni kibaa cha mvinyo. Mwenyewe aliishi Mayotte kwa Wafaransa, aliporudi akafungua sehemu ya viti vya plastiki na mabenchi, anauza mvinyo wa Kifaransa wa bei ya chini, anaumimina kwenye jagi kama juisi. Baba Irene alipapenda kwa sababu pana utulivu, hakuna muziki wa kupasua masikio. Mimi sikuwahi kufika mahali kama pale, lakini sikusema.

Tukasalimiana, tukakaa, Fadhili akatoka nje kupokea simu. Mwenye baa akaleta jagi la kioo limewekwa ndani ya bakuli kubwa lenye vipande vya barafu, akarudi ndani kufuata glasi. Sasa wewe niambie, jagi na bakuli mezani, mtu una vumbi, utafikiri nini? Rangi ilikuwa ya manjano kidogo, lakini maji ya Newala tunayajua. Kaharufu nilikasikia, nikadhani wametia limao.

Nikainuka kwa adabu zote za mama wa bwana harusi, nikapiga goti kidogo, nikasema, “Karibu unawe, mzazi mwenzangu.” Baba Irene akanitazama, akamtazama mkewe, akakinga mikono. Nikammiminia. Nikammiminia na Mama Irene. Kisha nikanawa mimi, na uso juu (macho yaliniwasha, nikasingizia vumbi).

Mwenye baa akarudi na glasi zake. “Mama, jagi limeisha tayari?”

“Si tumeshanawa.”

“Mmenawa mvinyo?”

Nilitamani nitoweke. Lakini Baba Irene, mikono ikimchuruzika, akasema kwa upole, “Nilijua ni mvinyo. Nikadhani ndiyo mila ya huku ya kupokea wakwe, nikaona si vizuri kuuliza.”

Hapo ndipo ningesema kweli, ikaisha. Badala yake, kwa uchovu ule na macho yale yanayowasha, nikajibu, “Ndiyo, ni mila. Ya zamani kidogo.”

Mama Irene akafurahi mpaka machozi. Fadhili aliporudi akakuta wakwe zake wananusa viganja, akaniangalia, nikajifanya napangusa uso.

Basi wakaahidi kuja Lulindi wapaone kwetu. Siku ikafika, ukoo umekaa kwenye mikeka, na mkubwa wetu ni Mzee Saidi, kaka wa marehemu mume wangu, Mwislamu safi, katoka msikitini kuswali adhuhuri muda si mrefu. Baada ya shikamoo na marahaba, Baba Irene akasimama, akatoa chupa mbili za mvinyo na bakuli jipya, akasema wamekuja kurudisha heshima waliyopewa. Mimi nilikuwa jikoni nageuza wali. Nilipotoka na sinia, Mzee Saidi alishamwagiwa.

“Maji gani haya yananuka?” akauliza.

“Mvinyo, mzee wangu. Kwa mila yenu.”

“Mila ya nani?”

Vichwa vyote vikanigeukia. Nikaweka sinia chini, nikaeleza yote, vumbi, ndoo, jagi, uongo. Hakuna aliyecheka. Nikaenda mwenyewe kuchota maji, nikamnawisha Mzee Saidi mara tatu, na kanzu ikabidi abadili.

Kilichoniumiza zaidi ni Baba Irene. Alikuwa ameshika ile chupa hajui aiweke wapi, mgeni wa watu, kajitia aibu mbele ya ukoo mzima kwa kuniheshimu mimi. Wakati wa kuondoka akaniambia taratibu, “Mama Fadhili, ungeniambia siku ile ile, tungecheka tukayamaliza.”

Ndoa ilifungwa, namshukuru Mungu, na Mzee Saidi alikuja. Lakini mzazi mwenzangu yule siku hizi nikimwambia jambo lolote, hata kwamba mvua imenyesha Lulindi, huwa anamtazama kwanza Fadhili. Nami nimeapa: nisichokijua nitasema sikijui, hata kama ni mbele ya wakwe, hata kama nimechoka namna gani. Kuulizia kitu ni aibu ya dakika moja. Hii yangu bado naibeba.